Wauzaji wa jumla Tanga: mbona laiki mtandaoni nyingi, oda za wafanyabiashara wadogo hazionekani?

#1 Vifungashio Makorora
Wakuu, habari za jioni. Nauza vifungashio kwa jumla hapa Tanga mjini: mifuko ya kaki, boksi za keki, mabakuli ya foili, vikombe vya juisi na mifuniko yake, chupa ndogo za viungo, stika za jina la biashara. Mteja wangu si mtu wa nyumbani. Ni mama lishe, muuza juisi, mpika keki, mwenye duka la viungo, binti wa saluni anayefungasha mafuta ya nywele. Yaani namuuzia anayeuza.

Nipo Facebook, Instagram na TikTok, na WhatsApp ya biashara nimepanga katalogi yote. Laiki zipo, "hongera dada, kazi nzuri" kila siku. Lakini nikiingia soko la Mgandini kwa miguu na mfuko wa sampuli, asubuhi moja napata oda kuliko wiki nzima ya kuposti. Madai yangu ni haya, nipingeni: mfanyabiashara mdogo wa Tanga yumo mtandaoni kuuza, hayumo kununua. Kama ni kweli, sisi tunaowahudumia tunachoma bando bure. Kama si kweli, tatizo liko wapi? Nitafurahi zaidi kuwasikia wanaonunua.

#2 Mzee wa Kange
Weka bei. Wauzaji wa siku hizi wote ni "bei njoo inboksi". Anayenunua kitu kimoja cha nyumbani atakuja inboksi. Mwenye genge anapiga hesabu ya faida papo hapo akiwa amesimama, na asipoona bei anapita zake.

#3 Vifungashio Makorora
Shikamoo mzee. Bei naweka kila posti, ya dazeni na ya katoni.

#4 Mzee wa Kange
Marahaba binti. Basi hilo si lako, ila wenzako humu wanasoma na wanajijua.

#5 Barabara ya Kumi na Mbili
Msimtupie lawama mteja kabla ya kuuangalia mtandao wenyewe. Januari 2018 Facebook walitangaza wanabadili mpangilio: posti za ndugu na marafiki zipite mbele, za kurasa za biashara zirudi nyuma. Tangu hapo ukurasa usiolipia tangazo unaonekana na watu wachache, na hao wachache ni wale wanaokugusa gusa kila siku, yaani mashoga zako na shemeji zako. Hongera zinatoka huko. Mwenye duka la viungo pale Ngamiani hata hajui kama upo. Lipia tangazo lenye kitufe cha kumpeleka mtu moja kwa moja WhatsApp yako, uone.

#6 Vifungashio Makorora
Nililipia kaka, tena la hicho kitufe. Ujumbe ulikuja mwingi tu. Shida ni kwamba mwingi ulitoka Wete, Chake Chake, na upande wa Kenya.

#7 Kompyuta Chumbageni
Hapo mimi nauliza: duara lilichorwa kwa kilomita ngapi? Facebook inakuruhusu kuchoma sindano kwenye ramani na kuzungushia duara hadi kilomita 80 hivi. Ukiichoma Tanga mjini na kuliacha duara kwenye 80, Wete na Chake Chake zimo, Vanga na Shimoni za Kenya zimo, Muheza na Pangani zimo, na Korogwe inaguswa. Baharini hakuna wateja, kwa hiyo nusu ya duara ni maji, na hela yako inawafuata watu walio ng'ambo ya maji. Libane libaki la mjini, Pongwe na Maweni. Zamani kulikuwa na sehemu ya kuchagua kama unawataka wanaoishi hapo au hata wapita njia, lakini iliondolewa 2023, sasa wote wanaingia pamoja. Tanga ina wapita njia wengi wa Horohoro.

#8 Mkia wa Ng'ombe Pemba
Yaani huku tunaandika kutaka kununua, kule tunaitwa "shida". Yakhe, na sisi tunafungasha! Halua haifungwi kwenye gazeti siku hizi. Bibie, leta mzigo, tutalipa.

#9 Vifungashio Makorora
@Mkia wa Ng'ombe samahani sana, sikukusudia hivyo. Tatizo ni gharama ya kusafirisha katoni mbili kwa boti. Kama mpo wauza halua kadhaa mkaungana mkatoa oda moja kubwa, nitafute, nazungumza kwa dhati.

#10 Mpika Keki Raskazone
Dada, mimi ndiye huyo unayemtafuta, kwa hiyo nisikilize vizuri. Napika keki, maandazi ya oda na sambusa za shughuli.

Naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mpaka saa nne asubuhi mikono ina unga, simu iko juu ya friji, akipiga mtu anapokea mtoto. Wengi wenu mnaposti saa mbili, saa tatu asubuhi, mkidhani ndiyo muda wa kazi. Ni muda wa kazi kweli, ndiyo maana hatuoni. Nikishika simu jioni, stetasi yako iko chini ya stetasi za watu themanini. Mimi hesabu napiga usiku baada ya Isha: nimeuza nini, zimebaki boksi ngapi, kesho kuna oda ya nani. Kama wakati ule ndipo unapotokea na kuniambia "boksi za nusu kilo zipo, kesho saa tano nitapita Raskazone", nakujibu palepale. Ukinitokea asubuhi unanisumbua.

La pili, na hili ndilo kubwa. Duka ninakochukua vifungashio sasa hivi, nachukua mwanzo wa wiki nalipa mwisho wa wiki nikishapokea hela za wateja. Mali kauli. Wewe mtandaoni unataka nitume hela kwanza halafu nisubiri. Hata ukiwa na bei nafuu kumzidi, mtaji wangu mdogo utalala kwako siku mbili, na kwangu siku mbili ni kilo kadhaa za unga. Kwa hiyo nakupa laiki kwa sababu boksi zako kweli ni nzuri, na nanunua kwake.

#11 Msambaa Halisi
#10 funga mjadala.

#12 Jumla Mgandini
Usifunge bado ndugu yangu wa milimani. Hiyo mali kauli mnaisifia kwa sababu mpo upande wa kuchukua. Mimi nipo upande wa kutoa. Mtu anachukua mzigo, wiki ya kwanza analipa vizuri, ya pili analipa nusu, ya tatu anapita barabara ya nyuma. Na ukimdai sana anahamia kwa jirani yako na kusema una roho mbaya. Anayeuza mtandaoni kwa hela mkononi hana makosa. Kinachotakiwa ni kumtafuta mteja wa aina nyingine, yule aliyeanza juzi ambaye bado hana duka la kumkopesha.

#13 Mpika Keki Raskazone
@Jumla Mgandini sijasema akopeshe watu asiowajua. Ila alete mzigo, nilipe nikiuona. Hapo katikati pana njia. Bodaboda analeta, nafungua, nahesabu, natuma kwenye lipa namba mbele yake, anaondoka. Hakuna aliyemkopesha mwenziwe.

#14 Binti Usagara
Kwangu sababu ni woga, si mkopo. Kila mtu mwenye simu nchi hii ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama lishe ameshasikia ya jirani yake aliyetuma hela ya masufuria kwa ukurasa wenye picha nzuri, na masufuria hayakuja. Ukurasa mpya wenye picha za studio zisizo na mtu ndani yake unafanana na ule wa tapeli. Mimi nauza vifaa vya saluni kwa wenye saluni, na kilichonisaidia ni kuonyesha mahali. Video ya simu ya kawaida: natoka barabarani, kibao cha duka kinaonekana, naingia, rafu hizi hapa, mimi huyu hapa naongea. Halafu duka nimeliweka kwenye ramani ya Google, mtu anaona saa za kufungua na anaweza kuja kugonga. Na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili kabla hajabonyeza kuthibitisha aone jina lilelile la kwenye kibao. Namba ya mtu binafsi yenye jina jingine kabisa inaua biashara.

Na mkipata namba ya tapeli, itumeni 15040. Ni bure, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaifanyia kazi.

#15 Kompyuta Chumbageni
Naunga mkono #14. Ila dada wa vifungashio, nani yuko kwenye orodha yako ya WhatsApp? Tengeneza gurupu moja la wanunuzi. Mwisho watu 256 lakini kwa Tanga wanatosha.

#16 Barabara ya Kumi na Mbili
256 ilikuwa zamani mkuu. Tangu 2022 gurupu linabeba hadi watu 1,024. Iliyobaki na 256 ni orodha ya matangazo, ile unayoandika ujumbe mmoja na kila mtu anaupata peke yake kama vile umemwandikia yeye. Na hiyo ina sharti ambalo wengi hawalijui: asiyekuwa amehifadhi namba yako kwenye simu yake, ujumbe haumfikii kabisa, na wewe huambiwi. Nimemwona muuzaji mmoja wa vipuri vya bajaji akituma bei mpya kila mwezi kwa miaka, kumbe wengi wa mafundi wake hawakuwa wamehifadhi namba.

#17 Vifungashio Makorora
Hili la kuhifadhi namba sijalisikia popote, na linaeleza mengi. Kwa hiyo mtu anachukua namba yangu Mgandini, ananipigia mara moja, haihifadhi, na mimi naendelea kumtumia bei?

#18 Barabara ya Kumi na Mbili
Ndiyo. Mpe sababu ya kuihifadhi. Mwambie, "bei za wiki zinatoka kila Jumapili usiku, ukihifadhi namba utazipata". Kadi ya karatasi haitoshi, mwombe aihifadhi ukiwa umesimama mbele yake.

#19 Wakili Mstaafu wa Mabawa
Naingilia kwa jambo moja. Humu naona mnazungumzia kukusanya namba za watu na kuwaingiza kwenye magurupu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi, hata kama ameibandika kwenye mlango wa duka ili wateja wampigie. Kumtumia matangazo bila ridhaa yake si sawa. Na hata tukiiacha sheria, wakikuripoti wengi WhatsApp wanaifunga namba, na namba hiyo ndiyo biashara yako. Ombeni ruhusa, iandikeni, na anayesema "nitoe" atolewe siku hiyohiyo.

#20 Jumla Mgandini
Mzee wangu, Mgandini ukimwomba mtu ruhusa ya maandishi atadhani umetoka TRA.

#21 Wakili Mstaafu wa Mabawa
Ujumbe wake wa "sawa nitumie" ni maandishi tosha. Usiufute.

#22 Mzalendo Duga
Lakini biashara ya vifungashio si ilitakiwa ijiuze yenyewe tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2018? Watu wote walilazimika kubadilika.

#23 Binti Usagara
Marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, si 2018. Na ilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa kama vyakula na dawa vilikuwa na utaratibu wake.

#24 Vifungashio Makorora
Asante @Binti Usagara. Mwaka ule kila mwenye duka alikuwa anatafuta mbadala mwenyewe, hakuhitaji tangazo. Sasa kila duka lina mtu wake wa kumletea, na kumhamisha mtu aliyezoea kwingine ndiyo kazi niliyonayo.

#25 Viungo vya Amani
Mimi nauza viungo vya Amani na Muheza, mdalasini, iliki, pilipili manga, na nawauzia wenye maduka wanaofungasha upya. Naona wote mmezunguka muda, woga na mkopo, lakini hamjagusa unaposti *nini*. Ukiposti boksi zuri, anayependa ni mtu anayependa vitu vizuri. Mwenye biashara ana maswali yake usiku kucha: nifanye nini pakiti yangu ikubalike kwenye duka kubwa? Lebo iandikwe nini? TBS, shirika la viwango, wanataka nini? Nikaanza kuposti hayo. Video moja ya kuonyesha kwamba lebo ya kiungo inatakiwa kuwa na jina la bidhaa, uzito, mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, ilinipa wateja wa maana kuliko picha zote za mdalasini. Laiki hazikuwa nyingi, ila kila aliyeandika alikuwa mwenye biashara, maana mtu wa nyumbani hana haja na lebo.

Jambo jingine ni kalenda. Mteja wa mwisho ananunua Ramadhani. Mwenye duka ananunua Shaabani, na mwenye akili ananunua Rajabu. Nyie wa vifungashio mnaanza kuposti "Ramadhani Karimu, boksi za tende zipo" mwezi ukiwa umeandama. Umechelewa, yeye alishanunua. Ukimuuzia anayeuza, lazima uwe mbele yake mwezi mzima.

#26 Mpika Keki Raskazone
Hilo la Shaabani ni kweli tupu. Na ada za shule Januari msizisahau, mwezi huo hatununui kitu, hata mposti nini.

#27 Msambaa Halisi
Hapa narudisha nilichosema #11, mjadala haujafungwa.

#28 Mkia wa Ng'ombe Pemba
Kumbe Wasambaa nao wanakubali kurudi nyuma.

#29 Msambaa Halisi
Tunapanda na kushuka milima tangu utoto, kurudi nyuma tumezoea. Nyie mnaojua bahari tu ndio mnaogopa.

#30 Kompyuta Chumbageni
Rudini kwenye mada. Nyongeza ya #25: mtangaze mteja wako. Mpika juisi akinunua vikombe vyako, mpige picha na juisi yake, taja yupo wapi, mtaje jina la ukurasa wake. Ataisambaza stetasi yake mwenyewe, na wapika juisi wenzake ndio wanaomtazama, maana watu wa biashara moja huchunguzana sana. Hakuna tangazo la kulipia linalowalenga wapika juisi wa Tanga vizuri kama stetasi ya mpika juisi wa Tanga.

#31 Jumla Mgandini
Na kesho mshindani wako anafungua ukurasa wako, anaiona orodha kamili ya wateja wako na mahali walipo, anawafuata mmoja mmoja na kuwapunguzia bei kidogo. Kwenye rejareja kumtaja mteja ni sifa. Kwenye jumla ni kuianika siri ya duka. Mimi sithubutu.

#32 Viungo vya Amani
Anayehama kwa tofauti ndogo ya bei angehama tu, mkuu.

#33 Jumla Mgandini
Wewe una mdalasini ambao mwingine hana. Boksi ya keki ya kwangu na ya jirani zinatoka Kariakoo kwenye gari moja. Hapo tofauti ndogo ndiyo kila kitu.

#34 Vifungashio Makorora
Nakubaliana na @Jumla Mgandini kwenye boksi tupu, lakini kwenye stika hapana. Stika yenye jina la biashara nimeichora mimi na faili lake ninalo mimi. Hao naweza kuwataja bila hofu. Labda mtandaoni niweke stika mbele na boksi zifuate nyuma.

#35 Mzee wa Kange
Nimesoma yote. Mimi nasema jambo ambalo vijana hamtalipenda. Tanga ni mji mdogo na watu wanajuana. Kufahamiana kwa Tanga kunaanzia msibani, msikitini, kanisani, kwenye harusi, kwenye baraza la kahawa. Simu inafuata baadaye. Dada huyu akiingia Mgandini kwa miguu anapata oda si kwa sababu mtandao ni mbovu. Ni kwa sababu ameuliza mama anaendeleaje. Mtandao wa Dar unafanya kazi kwa sababu Dar hakuna anayemjua mwenziwe.

#36 Binti Usagara
Mzee shikamoo. Mimi ni wa hapa hapa, kwetu Usagara, na wateja wangu wa Handeni na Kilindi sijawahi kuwaona kwa macho. Wamenijua kwa TikTok. Kwa hiyo mji mdogo unaeleza mjini, hauelezi mkoa.

#37 Mzee wa Kange
Marahaba. Wewe unauza vifaa vya saluni kwa mabinti wa rika lako. Mwenye duka la mchele wa umri wangu hayumo TikTok, na yeye ndiye anayenunua mifuko mingi.

#38 Fundi Simu Mikanjuni
Naongeza sababu ambayo naiona mezani kwangu kila siku. Wafanyabiashara wadogo wanaoniletea simu, wengi wamezima picha kujipakua zenyewe kwenye WhatsApp ili kulinda bando, na simu imejaa. Wananunua kifurushi kidogo cha siku, kinakatika saa nane mchana. Unawatumia picha kumi na video ya katalogi, kwao zinatokea kama vivuli vya kijivu. Hawabonyezi. Waandikie kwa maneno: "Boksi keki nusu kilo, dazeni bei hii, nipo Makorora, naleta". Mistari mitatu inafunguka hata simu ikiwa na pumzi ya mwisho. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikawa ya kuvizia, picha zilikwama siku nzima, ujumbe wa maneno ulipenya.

#39 Mpika Keki Raskazone
Maneno matupu kwa boksi la keki? Hapana. Mimi lazima nione kama kifuniko kina dirisha la nailoni, na kama kona zinashika. Labda kwa mifuko ya mchele.

#40 Vifungashio Makorora
Basi kwa wenye mchele nitatuma maneno, kwa wapika keki picha moja, na kwa wote usiku baada ya Isha. WhatsApp ya biashara ina lebo za rangi za kuwagawa wateja, leo nakaa kuwagawa. Kulipa baada ya kuuona mzigo nakubali kwa mjini tu. Gharama ya bodaboda mteja akiukataa mzigo ndiyo sijajua aibebe nani.

#41 Mpika Keki Raskazone
Ubebe wewe. Ndiyo itakulazimisha kuleta mzigo unaofanana na picha.

#42 Jumla Mgandini
Agawane nusu kwa nusu, vinginevyo kila asiye na kazi atakuagizia bodaboda kuangalia boksi.

#43 Mama Pangani
Na sisi wa Pangani? Gari linatoka Tanga asubuhi, kondakta hapokei hela kwa niaba ya mtu. Huo utaratibu wa kuona ndipo ulipe utafanyikaje huku?